SOMO LA AFYA: BINTI ZETU NA MARADHI YANAYOFICHWA



Katika masomo yaliyopita tumezungumza habari za vumbi la pamba, dawa za kunyunyiza mashambani, na ajali za mashine. Leo tunaleta somo ambalo baadhi ya wanachama watashangaa kulikuta katika gazeti la chama. Ni habari ya maradhi ya viungo vya uzazi vya binti zetu, hasa wale wa miaka 10 mpaka 19. Tutaeleza maumbile ambayo hayakukamilika tangu kuzaliwa, na kansa ambazo ni chache sana lakini huweza kujificha nyuma ya maumbile hayo.

Wazee walisema: Mficha uchi hazai. Tunawaomba wanaume msigeuze ukurasa. Somo hili ni lenu kuliko la mtu mwingine, maana mara nyingi ni baba anayeshika pesa ya nauli na ni baba anayeamua mtoto aende hospitali au abaki nyumbani.

1. JAMBO LILILOTUFANYA TUANDIKE

Mwenzetu mmoja, mkataji wa miwa, alikuwa na binti wa miaka 14. Binti huyo alianza kwenda mwezini kama wenzake. Lakini kila mwezi aliumwa tumbo upande mmoja, na kila mwezi maumivu yalizidi. Mama yake alimwambia avumilie, kwani hata yeye alivumilia. Shangazi yake, ambaye ndugu zetu Baganda humwita ssenga, alisema akizaa yatakwisha. Alipewa vidonge vya kutuliza maumivu kutoka dukani.

Baada ya muda akaanza kutokwa na uchafu wenye harufu mbaya, na damu kidogo kidogo hata siku ambazo si zake. Hapo ndipo maneno yalipoanza kambini. Watu walisema mtoto ametembea na wanaume na amepata ugonjwa wao. Baba yake akampiga. Shule akaacha, kwa sababu wenzake walimkimbia kwa ile harufu.

Baba alipoomba ruhusa ya siku tatu ampeleke hospitali kubwa, mnyapara alimpa siku moja tu. Siku moja ilitosha kufika kwenye zahanati ya karibu na kurudi na vidonge vingine. Hivyo ndivyo ulivyopita mwaka mmoja na miezi miwili.

Na sisi wa chama tulikuwa wapi? Lazima tuseme kweli. Habari hiyo ilifika kwenye tawi. Tulisema, "Hayo ni mambo ya wanawake, chama hakiwezi kuingia." Tukaendelea na ajenda ya sare za kazi.

Mwishowe binti alianguka kwa homa kali, akachukuliwa hospitali kubwa. Walipompiga skani walikuta ana miji ya mimba miwili. Njia ya upande mmoja ilikuwa wazi, na ya upande wa pili ilikuwa imezibwa na ukuta wa nyama. Figo ya upande ule ulioziba haikuwapo kabisa, tangu kuzaliwa. Nyuma ya ule ukuta damu ya miezi mingi ilikuwa imekusanyika na kuwa usaha. Walimpasua, wakaufungua ukuta, na wakaondoa mrija mmoja wa uzazi uliokuwa umeoza.

Kisha daktari akamwita baba, akamweleza kwamba wamekata kipande kidogo cha nyama ili kipimwe kama kuna kansa. Baba akauliza, "Daktari, mtoto huyu ana miaka 15. Kansa ya uzazi si ya kina mama wazee?" Daktari akamjibu kwamba ni kweli, kwa kawaida ni hivyo, lakini nyuma ya ukuta wa namna ile kansa imewahi kuonekana kwa wasichana wadogo, kwa hiyo hawezi kukisia. Baba alingoja majibu wiki tatu. Anasema katika wiki hizo hakulala, alikuwa akihesabu zile fimbo alizompiga mtoto.

Majibu yalirudi safi. Hakuwa na kansa. Binti amerudi shule. Lakini baba alikuja ofisini kwetu akatuambia, "Andikeni, watu wajue. Jina langu tu msiliweke." Basi tumeandika.

2. JINSI MJI WA MIMBA UNAVYOUMBIKA

Ili tuelewe maradhi haya, kwanza tufahamu maumbile. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mama yake, mji wake wa mimba hauanzi ukiwa mmoja. Inaanza mirija miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Tuseme ni kama mifereji miwili ya maji shambani, inayochimbwa kutoka pande mbili ili ikutane katikati. Katika miezi ya kwanza ya mimba mirija hiyo inashuka, inakutana, inaungana, na ukuta uliokuwa katikati unayeyuka. Hapo ndipo unapatikana mji mmoja wa mimba, mlango mmoja wa uzazi, na sehemu ya juu ya uke. Sehemu ya chini ya uke inatoka kwenye nyama nyingine inayopanda kutoka chini, nayo lazima ikutane na ile ya juu na kufunguka.

Kazi hii ina hatua nyingi, na kila hatua inaweza kukwama. Mirija isipoungana, msichana atakuwa na miji miwili ya mimba. Ukuta wa katikati usipoyeyuka, atakuwa na mji mmoja wenye kigawanyo. Sehemu ya chini isipofunguka, damu ya mwezi itakosa pa kutokea. Na wakati mwingine mirija haikui kabisa, msichana anazaliwa bila mji wa mimba. Hawa wa mwisho ni kama mmoja katika wanawake 5,000.

Figo nazo zinaumbwa wakati ule ule na mahali pale pale. Kwa hiyo upande mmoja ukikwama, mara nyingi figo ya upande huo nayo inakosekana. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

Je, maumbile haya ni nadra? Si nadra kama watu wanavyofikiri. Ukihesabu kasoro zote za mji wa mimba, kubwa na ndogo, ni kama wanawake 5 katika kila 100. Wengi wao wanaishi, wanaolewa, wanazaa, na hawajui kitu. Kasoro hizi hazitokani na uchawi, wala laana ya ukoo, wala dhambi ya mama. Na binti hawezi kujisababishia kitu kilichoumbika kabla hajazaliwa.

3. AINA TATU ZA SHIDA AMBAZO MZAZI ATAZIONA

Ya kwanza: damu haitoki kabisa. Msichana ana matiti, amekua, lakini haendi mwezini. Kila mwezi tumbo linamuuma siku tatu nne, kisha linatulia. Baada ya miezi kadhaa tumbo la chini linavimba. Hapa ndipo majirani wanasema ana mimba, na wapo mabinti waliofukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo. Mara nyingi ni ngozi ya mlango wa chini iliyokosa kutoboka, na operesheni yake ni ndogo. Lakini isifanywe nyumbani kwa wembe! Na hata zahanati isiyo na chumba cha upasuaji isijaribu. Pengine kilichoziba si ngozi nyembamba bali ni ukuta mnene ulio juu zaidi, na tundu dogo likitobolewa ovyo linaingiza uchafu na kuozesha ndani.

Ya pili: damu inatoka, lakini upande mmoja umeziba. Hii ndiyo iliyompata binti wa mwenzetu, na ndiyo inayodanganya watu zaidi, hata waganga wa zahanati. Kwa kuwa anakwenda mwezini, kila mtu anasema, "Huyu amefunguka, hana shida." Kumbe upande mmoja unatoa na wa pili unajaza. Dalili yake ni maumivu ya upande mmoja yanayozidi kila mwezi, uchafu wenye harufu, na damu inayochuruzika siku zisizo zake.

Ya tatu: hakuna damu wala hakuna maumivu. Msichana anafika miaka 15 au 16 na hajaona kitu. Huenda hana mji wa mimba. Au huenda ana mji wa mimba lakini vile vifuko vya mayai havikukua. Katika hawa wa pili wamo wachache ambao chembe zao za urithi zina alama ambayo kwa kawaida huonekana kwa wavulana. Hao ni wasichana kama wasichana wengine, lakini vile vifuko visivyokua vinaweza kugeuka uvimbe mbaya wakiwa bado wadogo. Kwa hiyo madaktari wakiligundua jambo hilo hushauri vifuko hivyo viondolewe mapema, kisha msichana anapewa dawa za kumkuza. Mzazi anayengoja mpaka binti aolewe ndipo aulize, amengoja mno.

4. KANSA INAINGIAJE HAPA?

Tuseme wazi ili tusitishe watu bure. Wasichana wengi sana wenye maumbile haya hawatapata kansa. Na wasichana wengi wanaotokwa na damu isiyo na mpango katika mwaka wa kwanza au wa pili wa kuvunja ungo hawana kansa. Mwili wao bado unajifunza.

Lakini ipo kansa moja adimu ya uke na ya mlango wa uzazi ambayo huweza kumpata msichana wa miaka 14, 17 au 20. Madaktari wanaiita kansa ya chembe angavu, kwa sababu chembe zake zikitazamwa kwa hadubini huonekana kama hazina kitu ndani. Kansa hii si ile ya kawaida ya mlango wa uzazi inayowaua mama zetu wengi hapa Uganda. Ile ya kawaida inaletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Hii ya chembe angavu kwa kawaida haina uhusiano na kirusi hicho. Bikira anaweza kuipata. Kwa hiyo anayemtukana mtoto kwamba ameleta ugonjwa kwa tabia yake, anamtukana bure.

Madaktari wa nchi mbalimbali wameandika visa vya wasichana wenye miji miwili ya mimba na upande mmoja ulioziba, ambao kansa hii ilikutwa upande ule uliofungwa. Visa hivyo ni vichache, lakini vinafundisha jambo moja: kilichochelewesha ni ule ukuta. Daktari akitazama upande ulio wazi anaona pazuri. Akichukua ute wa kupima, anauchukua upande ulio wazi, na majibu yanakuja safi. Kansa imekaa upande wa pili kama mwizi aliyejificha chumba cha nyuma wakati askari anapekua sebule. Na damu inayovuja inasemwa kuwa ni hedhi ya zamani iliyokusanyika.

Basi kanuni ni hii: msichana aliyekutwa na upande ulioziba, ukuta ufunguliwe na daktari anayeijua kazi hiyo, ndani patazamwe, na kama kuna nyama isiyo ya kawaida, ipelekwe kupimwa. Na kama ukuta umekwisha kufunguliwa na bado damu inachuruzika, arudi. Asiambiwe kwamba ni kidonda kinachopona.

5. KISA CHA BOSTON NA SWALI LA MAMA MMOJA

Watu waliijuaje kansa hii? Kati ya mwaka 1966 na 1969, madaktari wa mji wa Boston huko Marekani walipokea wasichana wenye kansa ya uke ambayo karibu haikuwa ikionekana kwa umri huo. Hospitali moja, wasichana kadhaa, kwa miaka michache tu. Walishangaa, sababu hawakuiona.

Mama wa mgonjwa mmoja ndiye aliyeuliza. Alisema alipokuwa na mimba ya binti huyo alipewa dawa ya kuzuia mimba isitoke. Je, yawezekana ni hiyo? Madaktari mwanzoni hawakulitia maanani sana, lakini baadaye wakarudi kuwauliza mama wengine. Daktari Arthur Herbst na wenzake walitangaza matokeo mwaka 1971: katika wasichana 8 waliochunguzwa, mama 7 walikuwa wametumia dawa hiyo walipokuwa na mimba. Wakalinganisha na mama wengine 32 ambao binti zao hawakuwa wagonjwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameitumia.

Dawa hiyo iliitwa stilbestroli. Ilitengenezwa Uingereza mwaka 1938, na kwa miaka mingi mama wengi wenye mimba walipewa, hasa Marekani. Mwisho wa mwaka 1971 serikali ya Marekani ilionya madaktari wasiwape tena wenye mimba. Baadaye ilionekana kwamba dawa hiyo haikuleta kansa tu. Iliharibu pia umbo la mji wa mimba wa mtoto aliyekuwa tumboni. Kwa bahati nzuri, waliopata kansa walikuwa kama mmoja tu katika kila binti 1,000 waliozaliwa na mama waliotumia dawa hiyo.

Sisi tunajifunza mambo matatu hapa. Kwanza, mama mwenye mimba asimeze dawa yoyote, ya dukani wala ya miti, bila kumwuliza mhudumu wa afya aliyesomea. Pili, kansa hii inaweza kumpata hata yule ambaye mama yake hakumeza kitu, kwa hiyo mama asijilaumu. Tatu, mtu wa kawaida akiuliza swali anaweza kufungua macho ya wataalamu. Yule mama hakuwa daktari, aliuliza tu.

6. HAPA KWETU KAMPALA

Wapo wanaosema, "Kansa ikiingia ni kifo, ya nini kupoteza nauli?" Ndugu, anayesema hivyo hajui historia ya mji huu.

Ni hapa Mulago, mwaka 1957, ambapo daktari Denis Burkitt aliona watoto wenye uvimbe wa taya, akaandika habari zake mwaka 1958. Ugonjwa huo leo dunia nzima unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 ilifunguliwa Taasisi ya Kansa ya Uganda kwenye kilima hicho hicho, na watoto waliokuwa wakingoja kufa wakaanza kupona kwa dawa. Kansa ile ya taya ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake. Wamarekani waliosaidia kuianzisha walipoondoka mapema miaka ya 1970, taasisi haikufungwa. Madaktari wa Uganda, wakiongozwa na Profesa Charles Olweny, waliendelea na kazi katika miaka ile migumu. Kwa hiyo kutibu kansa za vijana si jambo geni lililoletwa juzi. Ni kazi ya hapa.

Kansa ya vifuko vya mayai ya aina inayowapata wasichana, kwa mfano, mara nyingi inasikia dawa vizuri sana, na mara nyingi msichana anabaki na kifuko kimoja na uzazi wake. Hii ya chembe angavu nayo, ikionekana mapema, hupasuliwa na mgonjwa akapona, na mara nyingine uzazi ukaokolewa. Ikichelewa, hapo ndipo mji wote wa mimba unapoondolewa, na mionzi inapohitajika.

Habari ya mionzi tunaikumbuka sote. Mashine iliyokuwa ikitumika Mulago tangu mwaka 1995 iliharibika mwaka 2016, na wagonjwa wakahangaika, wengine wakapelekwa Nairobi, hadi mashine nyingine ilipozinduliwa Januari 2018. Wafanyakazi na wananchi walipiga kelele wakati ule. Ilikuwa haki yao kupiga kelele. Lakini tukumbuke: mgonjwa anayekuja mapema mara nyingi haihitaji hata mashine hiyo.

Chanjo nayo tuiseme. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 serikali inatoa bure nchi nzima chanjo ya kirusi cha mlango wa uzazi kwa wasichana wa miaka 10. Chanjo hiyo haizuii kansa adimu tunayoizungumza leo. Inazuia ile ya kawaida inayowamaliza mama zetu. Kwa hiyo binti achanjwe, na dalili zake zisikilizwe pia. Jambo moja halifuti lingine.

7. DALILI ZA KUPELEKA MTOTO HOSPITALI

Katibu wa tawi azisome hizi kwa sauti mkutanoni:

(a) Msichana amefika miaka 13 na matiti hayajaanza kuota, au amefika miaka 15 na hajaenda mwezini.
(b) Anaumwa tumbo la chini kila mwezi bila damu kutoka.
(c) Maumivu ya mwezi ni ya upande mmoja na yanazidi mwezi hata mwezi, au yanamzuia kwenda shule.
(d) Damu inatoka zaidi ya siku saba kila mara, au inachuruzika katikati ya mwezi, na hali hiyo inaendelea miezi mitatu.
(e) Mtoto mdogo ambaye hajavunja ungo anatoka damu ukeni. Huyu asingoje hata wiki.
(f) Uchafu wenye harufu au damu usiokoma baada ya kumaliza dawa.
(g) Uvimbe tumboni, au tumbo linalokua wakati mtoto anakonda.
(h) Msichana anayejulikana kuwa na figo moja, naye akaanza kuumwa tumbo la mwezi.

8. UKIFIKA HOSPITALI, SEMA HIVI

Wengi wetu tukifika mbele ya daktari tunanyamaza. Tunasema "tumbo linamuuma", basi. Tunapewa vidonge, tunarudi. Jifunze kusema kwa mpango.

Sema maumivu yalianza lini, ni upande gani, na yanakuja baada ya siku ngapi. Mama na binti waandike tarehe katika daftari miezi miwili au mitatu. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno mengi. Omba skani ya tumbo la chini, na uombe watazame figo zote mbili. Wakikuta figo ni moja, uliza: "Na mji wa mimba mmeutazama?" Wakikuta miji miwili, uliza: "Figo je?" Maswali haya mawili ni mafupi, lakini yanaweza kuokoa mwaka mzima.

Wazazi wengi wanaogopa binti asije akapoteza ubikira kwa kupimwa. Fahamuni kwamba skani inapigwa juu ya tumbo. Ikilazimu kutazama ndani, inaweza kufanywa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kwa vyombo vidogo, na mama au ssenga akiwa karibu. Binti ana haki ya kuomba awepo muuguzi wa kike. Na aambiwe yeye mwenyewe kinachofanyika, maana mwili ni wake.

Anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, lakini kama dalili zinaendelea baada ya dawa mara mbili, ombeni barua ya kupelekwa hospitali ya mkoa au Mulago. Msikubali mara ya tatu vidonge vile vile. Mkikatiwa kipande cha nyama, ulizeni majibu yanatoka siku gani na yatachukuliwa na nani, na mfuatilie mpaka muyapate mkononi.

9. KWA NINI HILI NI JAMBO LA CHAMA

Tangu mwaka 2001 hospitali za serikali hazitozi ada ya matibabu katika wodi za kawaida. Hilo ni zuri. Lakini mfanyakazi wa Kakira, wa Lugazi, au wa mashamba ya chai ya Toro anajua kwamba kinachomshinda ni siku. Safari ya Kampala, kulala foleni, skani leo, daktari kesho, majibu baada ya wiki. Kila siku asiyofika kazini ni posho iliyokosekana.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi anayeugua mwenyewe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Inampa likizo ya mwaka ya siku saba kwa kila miezi minne ya kazi. Inampa mama anayejifungua siku 60 za kazi, na baba siku nne. Lakini likizo ile ya ugonjwa ni ya ugonjwa wa mfanyakazi mwenyewe, si wa mtoto wake. Pengo hilo ndilo lililommeza binti wa mwenzetu kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Sheria inaweka kiwango cha chini, na mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri unaweza kupanda juu yake. Kwa hiyo tunapendekeza kila tawi, katika mazungumzo yanayofuata, lidai mambo haya: siku maalumu za ruhusa yenye mshahara kwa mzazi anayempeleka mtoto hospitali kwa barua ya kituo cha afya, zahanati ya kambi iwe na muuguzi wa kike aliyefundishwa dalili tulizotaja, na gari la kampuni litumike kumpeleka mgonjwa mwenye barua ya hospitali kubwa. Na kabla ya kudai kwa mwajiri, tudaiane sisi kwa sisi: kamati ya wanawake ya tawi ipewe nafasi katika kila mkutano, si mwishoni watu wakiwa wamesimama kuondoka.

10. MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kwa nini msichana anayekwenda mwezini anaweza bado kuwa ameziba?
2. Figo na mji wa mimba vina uhusiano gani?
3. Katika kambi yetu, msichana anayetokwa na damu anasemwaje? Nani anaweza kuyakomesha maneno hayo?
4. Mzazi wa hapa akitaka kwenda Mulago kesho, atapoteza siku ngapi za mshahara na nauli kiasi gani? Hesabuni pamoja, mwandike, mlete hesabu hiyo makao makuu kabla ya mazungumzo na waajiri.

Swali la nne tunalihitaji sana. Hesabu ya tawi moja ni malalamiko. Hesabu za matawi yote ni hoja.

Umoja ni nguvu.